Kitabu cha Kuku na Barua za Ng'ambo

Shule yetu iliitwa shule ya usiku, lakini ilianza saa tisa mchana na kufungwa kabla jua halijazama, kwa sababu usiku wenyewe ulikuwa umeshachukuliwa na wenye bunduki. Hatukulalamika. Mwenye bunduki akichukua usiku na kukuachia mchana, unasema aksanti na unatafuta chaki.

Hii ilikuwa katika mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, Tanzania ikiwa ng'ambo, katika miaka ya vita ya pili, ile iliyotukuta bado tunafua matope ya vita ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa kupika sabuni ya mawese. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na mwanzoni nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: neno moja, ninasimama, ninaangalia maji, ninaruka. Darasani tulikuwa watu ishirini. Wavuvi, wamama wa soko, fundi baiskeli mmoja, na shemasi aliyekuwa amesoma Biblia mbele ya waumini miaka kumi bila mtu kugundua kwamba alikuwa ameishika kichwani yote na hajui hata herufi moja.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Fizi, kule juu, mwembamba hivi kwamba akisimama kwa ubavu ulikuwa unamkosa. Asubuhi alifundisha watoto, mchana alitufundisha sisi, na katikati ya hapo alilinda maktaba. Maktaba ilikuwa kabati moja katika ofisi ya mkuu wa shule. Ndani kulikuwa na vitabu ishirini na kitu, vingine vimeachwa na mapadri, vingine na wapasta, na humo ndani vilikaa pamoja bila ugomvi miaka mingi kuliko wenyewe walioviacha.

Askari walipofika, walichoma madawati ya shule kupikia. Sisemi askari wa upande gani, maana walikuja wa pande nne na wote walikuwa na njaa. Madawati yalipokwisha, wakaanza kuliangalia kabati. Siku iliyofuata mwalimu akaja darasani na vitabu vyote ndani ya gunia la mihogo, akavimwaga chini mbele yetu.

“Kuanzia leo maktaba haina nyumba,” alisema. “Kila mmoja anabeba kitabu kimoja kwake. Na siwaazimi. Nawafugisha.”

Neno hilo tulilielewa wote. Zamani, kabla ya vita, watu wa mlimani wenye ng'ombe walikuwa na marafiki huku chini ziwani. Rafiki wa mlimani anakuachia ng'ombe wake umfugie. Maziwa unakunywa wewe na watoto wako, lakini siku akija kumchukua, unamrudishia ng'ombe pamoja na ndama. Ilikuwa urafiki, na ilikuwa pia njia ya kuepuka kuweka mifugo yote mahali pamoja ugonjwa usije ukaimaliza.

Lakini miezi ile haikuwa ya kuwataja watu wa mlimani kwa uzuri. Habari za mauaji ya Makobola zilikuwa zimetufikia, na kila mtu alimwangalia kila mtu. Mvuvi mmoja mzee akainua mkono.

“Mwalimu, hiyo si mambo ya batu ya mulima?”

“Ndiyo. Ni mambo yao.”

“Sasa sisi tutafanya mambo yao?”

“We ulifugaka ngombe ya mutu wa mulima?”

“Nilifuga.”

“Ulikunywa maziwa yake miaka ngapi?”

Mvuvi akahesabu kwa vidole. “Sita.”

“Basi kaa chini, baba. Chukua kitabu.”

Masharti yakawa haya. Unakaa na kitabu, unakisoma, unakificha, mkikimbia unakimbia nacho. Siku ya kukirudisha, unakuja nacho na ndama wake, maana yake mtu mmoja wa nyumba yako, anayekula chungu chako, ambaye hakujua kusoma na sasa anaweza kusoma ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya mwalimu. Asiyeleta ndama hatakaa kwenye mtihani wa mwisho. Na asiyekaa kwenye mtihani hapati cheti.

Si wote walioshika vizuri. Baada ya miezi miwili fundi baiskeli alirudisha kitabu chake akiwa anavuta mwana-mbuzi kwa kamba. “Mwalimu, unisamehe,” alisema. “Ndama nimekosa. Askari balikula ngombe zote. Nimeleta hii.” Mwalimu alimweleza upya, taratibu, huku fundi akiangalia mbuzi na mbuzi akiangalia ubao. Yule mbuzi alikaa nasi siku mbili kabla ya kurudishwa, na ninasema bila kuongeza chochote kwamba alijua herufi tano kabla ya shemasi.

Mimi nilipewa kitabu cha ufugaji wa kuku. Wakati huo katika Baraka yote hakukuwa na kuku hata mmoja. Aliyekuwa amebaki wa mwisho aliliwa na kikosi kizima, na nasikia walimgombania mpaka wakagawanyika kuwa vikosi viwili. Kwa hiyo kuku wote wa mji wetu walikuwa ndani ya kile kitabu, kurasa arobaini, pamoja na picha.

Nilikitaka kile cheti. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kuwa na karatasi yenye mhuri, isipokuwa risiti ya kodi ya soko. Lakini nyumbani kwangu tulikuwa watu wawili tu: mimi na mama mkwe. Mungu alikuwa hajatujalia mtoto, na mume wangu alikuwa ng'ambo. Siku risasi zilipoingia Baraka yeye alikuwa ziwani anavua, akaona moshi, akageuza mtumbwi na kupiga kasia mpaka Tanzania. Huko akaingia kambini. Mimi na mama yake tulikimbilia juu, upande wa Fizi. Nilikimbia hivi kwamba kivuli changu kilifika siku ya pili. Baada ya miezi miwili tulirudi, kwa sababu mama mkwe alisema baridi ya kule juu haina adabu.

Basi ndama wangu angekuwa yeye. Hakukuwa na mwingine. Na hapo ndipo palipokuwa na shida yangu, ambayo sikuweza kumwambia mwalimu wala mtu yeyote.

Shida ilikuwa barua. Mume wangu alituletea barua kwa mikono ya wanaume wa boti waliokuja kununua ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Ni mtu wa maneno machache. Barua yake ya kwanza ilikuwa mistari mitano, na mitatu kati yake ilikuwa salamu. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, akafunga kitambaa vizuri kichwani kama anayeingia kanisani, akasema, “Soma.” Nikasoma. Nikamaliza. Bado alikuwa ameinua uso, anangoja. Sikuweza kumwachia mistari mitano uso kama ule. Nikaendelea kusoma mahali ambapo karatasi ilikuwa imekwisha.

Nikasoma kwamba kambini wanapewa maharagi makubwa kama figo za mbuzi. Nikasoma kuhusu daktari mzungu aliyemwangalia mume wangu mdomoni akaita madaktari wengine waje kuona meno mazuri. Nikasoma mpaka sombe ya majani ya mihogo ikaungua motoni.

“Mutoto yangu amejua kuongea,” mama mkwe alisema. “Hapa alikuwa kama jiwe.”

“Kutembea kunafundisha, mama.”

Barua ya pili nikaongeza tena. Ya tatu niliifungua kwanza peke yangu pale ufukweni, kama kawaida yangu, ili nipange la kuongeza. Iliandikwa hivi: *Mama avuke kabla ya mvua, nimempatia nafasi. Wewe baki ulinde nyumba, watu wasiingie.*

Nyumba iliyoachwa wazi wakati ule iliingiwa siku hiyo hiyo, hilo ni kweli. Mume wangu hakukosea. Lakini nilikaa juu ya mchanga nikafikiri: mama mkwe akivuka, nitaongea na nani? Na chungu cha sabuni? Yule mama alikuwa ananisema kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilipika bugari, laini mno. Nilipika tena, ngumu mno. Nilifagia, nimeacha kona. Nilikuwa nimeshazoea kuwa mtu mwenye makosa kwa mtu fulani.

Jioni ile nilimsomea salamu, maharagi, na daktari aliyerudi mara ya pili na kipimo. Ule mstari niliuruka. Mvua ikaja, na yeye akawa bado yuko kwenye kigoda chake. Barua mbili nyingine zikaja, fupi, hazikutaja tena safari. Nafikiri mume wangu aliona kimya akadhani mama yake amekataa. Zote tano zilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda chake.

Sasa mwalimu ananiambia nimfundishe huyo huyo kusoma.

Nilikaa na kitabu cha kuku wiki tatu bila kumwonyesha. Mwishowe alikikuta mwenyewe chini ya gunia la mihogo.

“Hii nini?”

“Kitabu cha shule, mama.”

“Sitaki kitabu mu nyumba yangu. Bakiikuta, batasema tuko bapelelezi.”

“Ni ya kuku.”

Akakifungua. Akaona picha ya kuku amelala juu ya mayai ndani ya sanduku. Akaiangalia muda mrefu. “Kuku hailalake mu sanduku,” akasema. “Inasema nini hapa chini?”

Nikamsomea: kuku aatamiapo awekwe kwenye sanduku lenye majani makavu.

“Huyu mwenye kuandika hakufugaka hata bata. Soma ingine.”

Ndivyo tulivyoanza. Alikitaka kitabu kwa ajili ya kukibishia. Kila ukurasa ulikuwa kesi. Lakini jioni moja, nikiwa nimemaliza kumsomea habari ya magonjwa ya kuku, alinitazama kwa jicho moja, lingine amelifunga kwa sababu ya moshi.

“We binti. Ukurasa hii iko na maneno mingi, na umeimaliza mbio. Barua ya mutoto yangu iko kidogo kama kiganja, na unaisomaka mpaka chakula inaungua. Iko namna gani?”

Nilisema maandishi ya mkono yanachelewesha.

“Ah,” akasema. Akakichukua kitabu mkononi mwangu. Halafu: “Nifundishe.”

Hapo nilikuwa kati. Asipojua kusoma, mimi sina mtihani. Akijua, atafungua kopo, ataona mstari, na atapanda boti. Nikajitafutia akili. Kitabu kimepigwa chapa, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Barua za mume wangu zimeandikwa kwa mkono, na mkono wenyewe ni wa mtu aliyezoea kasia. Herufi zake zilikuwa kama kaa wamekimbia juu ya karatasi. Nikasema moyoni: atajua za kitabu, hatajua za barua. Nitapata cheti na nitabaki naye. Niliona nimepanga vizuri kuliko jenerali yeyote wa pande zile nne.

Nikamfundisha. Kwa makaa, ukutani, nyuma ya nyumba. Alishika haraka, na kila herufi aliyoishika aliituhumu kwa jambo. Ile ya *s* alisema haijanyooka kwa sababu haina kazi. Tulikimbia mara mbili katikati ya masomo, mara moja mpaka ng'ambo ya mto Mutambala, na mara zote alikifunga kitabu tumboni ndani ya kitenge, akawa anaonekana mwenye mimba kwa miaka yake sitini na kitu. Kule porini aliwasomea wanawake wengine habari za kuku kwa sauti. Walikuwa hawajala siku mbili. Mmoja alilia alipofika kwenye ukurasa wa mapishi.

Siku ya kumpeleka kwa mwalimu alivaa kitenge chake cha Pasaka. Darasa zima lilikuwepo. Mwalimu akamfungulia ukurasa wa kumi na nane. Akaweka kidole, akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, polepole, bila kuruka hata nukta. Kwenye wa nne akasimama.

“Endelea, mama,” mwalimu akasema.

“Siendelee. Ni bongo.”

“Mama, siyo kazi yako kuangalia kama ni uongo. Soma tu.”

“Sasa kusoma iko na faida gani?”

Mvuvi mzee akapiga makofi. Mwalimu akanitazama, akaandika jina langu kwenye orodha ya mtihani. Nilifurahi hivi kwamba ningeweza kuibeba ile shule mgongoni mpaka Fizi na kurudi.

Kisha mama mkwe akamwuliza mwalimu: “Na maandishi ya mukono? Hiyo nani anafundishaka?”

Nikakohoa. Nilikohoa sana. Mwalimu alifurahi, masikini. Alikuwa hajapata mwanafunzi anayeuliza mwenyewe. Akasema aje kila siku saa nane, kabla ya darasa letu. Akaenda. Wiki mbili mfululizo, na mimi nikabaki nyumbani ninakoroga sabuni na kuhesabu siku.

Ningeweza kuichoma ile barua. Moto nilikuwa nao, mkubwa, na karatasi ilikuwa nyepesi. Siku moja akiwa shuleni nililitoa kopo, nikaitafuta, nikaishika juu ya moto mpaka ncha ikaanza kuwa ya kahawia. Niliona jina lake pale chini, mume wangu, limeandikwa kwa zile herufi kama kaa wanaokimbia. Nikairudisha ndani ya kopo.

Zilibaki siku nne kabla ya mtihani. Nilikuwa nje na chungu cha sabuni, mchana, akatoka ndani na kopo mkononi. Akakaa kwenye kigoda.

“Daktari iko wapi?”

“Daktari gani, mama?”

“Ya meno. Nimeitafuta mu barua zote tano. Hakuna daktari. Hakuna maharagi.”

Nikakoroga.

“Hiyo ya daktari, haina shida,” akasema. “Ilikuwa nzuri. Lakini hapa.” Akaweka kidole. “Soma hapa.”

Sikusoma.

“Nimesoma mara ine. Nilifikiri ni miye sijue kusoma. Nilienda kwa mwalimu, nikamwambia aniangalilie. Akasema, mama, umesoma muzuri.” Akaikunja barua. “Mvua ngapi zimepita?”

“Moja, mama. Na nusu.”

“Juu ya nini ulifanya vile?”

“Ningebaki na nani?”

Aliniangalia. Nilingoja anitukane, alikuwa na matusi ya Kibembe ambayo yangeweza kuangusha nazi kutoka mtini. Badala yake alisema, “Sabuni yako inaungua,” akaingia ndani.

Siku tatu hakunisema neno. Zilikuwa siku tatu zenye masaa mia mbili kila moja. Bugari niliifanya laini, akala. Niliifanya ngumu, akala. Niliacha kona tatu bila kufagia kwa makusudi, akapita. Siku ya nne, ya mtihani, nilikuta ameamka kabla yangu na amenipikia.

“Siende, mama,” nikasema.

“Unaenda. Nilisimama mbele ya batu, nikasoma bongo ya kuku juu yako. Utaenda.”

Nikaenda. Sikumbuki walichouliza. Nakumbuka mkono wangu ulikuwa unaandika na kichwa changu kiko ufukweni kinaangalia kama kuna boti. Cheti kilikuja baada ya miezi, na mhuri wake ulikuwa mkubwa kuliko jina langu.

Siku mbili baada ya mtihani akaniambia boti ya ndagala inaondoka Alhamisi na ameshaongea na mwenye boti.

“Utarudi, mama?”

“Mutoto ameniita. Sikusikia, juu yako. Sasa nimesikia.”

Alhamisi nilimbebea mzigo mpaka majini. Wapakiaji walikuwa bado wanapanga magunia. Akakaa juu ya furushi lake, akafunga kitambaa vizuri, akatoa lile kopo na kunipa.

“Soma,” akasema. “Zote. Vile zinaandikwa.”

Nikasoma. Alikuwa ameinama karibu yangu, kidole chake kinafuata mstari mbele ya macho yangu. Nilipochelewa, kidole kilingoja. Barua tano, zote, zilikwisha kabla hawajapakia gunia la tatu. Kwenye ile ya tatu nilisimama, na kidole kikasimama papo hapo, hakikusogea mbele wala nyuma.

“Mama avuke kabla ya mvua,” nikasoma. “Nimempatia nafasi.”

“Rudia.”

Nikarudia.

“Endelea.”

“Wewe baki ulinde nyumba, watu wasiingie.”

Akatoa kidole. “Hiyo mustari ya mwisho, ya we kubaki,” akasema, “nitaongea naye. Si kwa barua. Mbele ya macho yake.”

Mwenye boti akaita. Niliingia majini mpaka magotini kumshikia mkono, akapanda, akakaa kati ya magunia, akaanza kumwambia mwenye boti kwamba magunia yamepangwa vibaya. Kisha akageuka.

“We binti! Ukiandika, andika makubwa. Macho yangu si ya mwalimu.”